Ikiru si sinema ya kifo

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie sinema inayoweza kumbadilisha mtu anavyoyaona maisha yake ya kila siku. Wanaonifahamu walishajua nitaitaja ipi: Ikiru, yaani “Kuishi”, sinema ya Kijapani iliyoongozwa na Akira Kurosawa, ya mwaka 1952. Wengi mmeiona, kwa hiyo sitaisimulia yote. Nimekuja kupinga namna tunavyoitazama.

Tunaitazama kama sinema ya saratani. Mzee Watanabe anaumwa tumbo, anajua siku zake zinahesabika, anahangaika mpaka bustani ya watoto inajengwa, anafariki, nasi tunafuta machozi tunakwenda kulala. Asubuhi tunaamka vilevile. Mimi nasema ile ni sinema ya dimbwi la maji machafu, na asiyelitazama dimbwi hajaiona sinema.

Turudi mwanzoni. Akina mama wa mtaa mmoja wanafika ofisi za jiji. Kwao maji yametuama, yananuka, watoto wanaumwa. Wanaomba dimbwi lifukiwe, pawe mahali pa watoto kucheza. Kwenye dirisha wanaloanzia kuna tangazo linalowakaribisha wananchi walete maombi na malalamiko yao. Mkuu wa idara hiyo ni Watanabe mwenyewe. Anagonga mihuri tu, wala hainui kichwa. Wanaelekezwa idara ya ujenzi. Ujenzi inawapeleka bustani, bustani inawapeleka afya. Kutoka hapo ni usafi, kuua wadudu, maji taka, barabara, mipango miji, zimamoto, elimu, diwani, hadi naibu meya. Naibu meya anawapokea kwa tabasamu na kuwarudisha palepale dirisha la kwanza! Hapo ndipo mama mmoja anapolipuka kwa hasira. Na baada ya yote hayo wanaambiwa walete maombi kwa maandishi.

Angalieni jambo moja hapo. Kote walikopita hakuna aliyewatukana. Kila afisa alikuwa na adabu, na kila mmoja alikuwa na sababu. Mtu aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja au cheti cha kuzaliwa anawajua hawa kwa sura: faili liko masijala, mwenye saini yuko semina. Kurosawa hakututengenezea mtu mbaya wa kumchukia, kwa sababu angetupa mtu mbaya, sisi wengine tungejiona wema.

Halafu ile droo. Watanabe anafungua droo ya meza yake, ndani mna andiko aliloliandika mwenyewe ujanani la kuboresha kazi ya ofisi. Anachana ukurasa, anafutia mhuri, anautupa. Muda wa kupepesa jicho tu. Kuna aliyekuwa na mawazo mazuri akiwa kijana, na karatasi yake sasa ni kitambaa cha kufutia wino. Tangu niione droo ile, karatasi ya mtu mwingine ikikaa mezani kwangu naiona ina watoto nyuma yake.

Najua kuna atakayeniambia, “Mwalimu, yule alikuwa mkuu wa idara, mimi ni karani tu, nina mamlaka gani?” Swali hili limenichosha, nalijibu tena. Watanabe alifanya nini cha kimamlaka? Alikwenda mwenyewe kuliona dimbwi. Alikaa kwenye korido za maofisa wenzake akiinamisha kichwa, akafukuzwa, akarudi kesho yake. Wahuni walimtisha, naye akawatazama tu. Alimbembeleza naibu meya ambaye tayari alishakataa. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji cheo.

Na atakayesema ni mambo ya Wajapani wa zamani, mwaka 2022 Waingereza wameitengeneza upya kwa jina Living, mswada ukaandikwa na Kazuo Ishiguro, kisa wakakiweka London ya miaka ya hamsini. Kimekaa sawasawa.

Nikimbilie mwisho wa sinema. Msibani maofisa wanakunywa na kubishana sifa ya bustani ni ya nani. Akina mama wa mtaa wanaingia, wanalia mbele ya picha ya marehemu, wanaondoka. Usiku unapokuwa mkubwa, maofisa nao wanalia na kuapa kuanzia kesho watafanya kazi kama yeye. Kesho inafika, ombi jingine linaletwa, linaelekezwa idara nyingine. Mmoja wao, Kimura, anainuka kwa hasira, anaangalia huku na huku, kisha anakaa taratibu na kupotelea nyuma ya mafaili.

Viapo vya usiku ule havikuwa vya uongo. Waliguswa kweli, kama mlivyoguswa ninyi, na hilo ndilo linalonitia hofu kila ninapoitazama.

Mwenyekiti, naona muda umekwisha. Binti Toyo, aliyekuwa karani katika idara ya Watanabe, na sungura wake wa kuchezea nilitaka kuwazungumzia kwa kirefu, lakini haiwezekani tena. Nachukua maswali.