Stajieri aandike kwanza, mashine ijibu nyuma

NEEMA: Karibuni wandugu, muko na siye toka Bukavu. Umeme umeenda, kwa hiyo mukisikia kitu inanguruma huko nyuma ni jenereta ya jirani, mutuvumilie tu. Miye ni Neema, niko na yaya Josué, ye ni muganga, miye kazi yangu ni kumusumbua na maswali.

JOSUÉ: Na unaiweza kweli hiyo kazi. Jambo wote.

NEEMA: Haya. Yaya, kila mwanafunzi wa udaktari ninayemujua hapa mujini, awe wa chuo cha UCB awe wa chuo cha UEA, yuko na ChatGPT, ile mashine ya akili bandia inayojibu maswali, ndani ya telefone. Wanaifungua kwenye gade, ile zamu ya lopitali, wanaifungua hata kwenye staf, mkutano wa waganga wa asubuhi, telefone iko chini ya meza, profesa anauliza swali na jibu linakuja limenyooka kabisa. Shida iko wapi?

JOSUÉ: Kwanza tusisingizie watoto peke yao, na wakubwa wanafungua. Lakini acha nikupe mfano. Ni usiku, mama anafika lopitali na mtoto wa miezi nane, kikohozi na homa. Stajieri, mwanafunzi aliye kwenye mazoezi ya kazi, anaandika kwenye telefone "mtoto miezi 8, kikohozi, homa siku mbili", na mashine inamupa orodha safi, nimonia, malaria, bronkioliti, dawa na vipimo vyote. Sasa miye namuuliza, huyu mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika? Kimya. Na hapo njo kila kitu kiko, juu OMS, shirika la afya duniani, imeweka mstari: kutoka miezi 2 mpaka 11, ikifika 50 kwa dakika huyo anapumua mbio, mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Unamupandisha nguo, unatazama kifua, unaangalia kama chini ya mbavu panaingia ndani, unahesabu dakika nzima, akianza kulia unangoja anyonye atulie halafu unaanza tena toka moja.

NEEMA: Na kumbe mashine ilijibu vizuri.

JOSUÉ: Ilijibu vizuri ile iliyoulizwa! Haikumuona mtoto.

NEEMA: Lakini yaya, kuna utafiti ulitoka Marekani, JAMA Network Open, Oktoba 2024, walichukua waganga 50 wakawapa kesi za kutambua ugonjwa, nusu wakapewa GPT-4, mashine ya ndani ya ChatGPT, nusu wakabaki na vitabu vyao na intaneti ya kawaida. Wenye mashine wakapata kama asilimia 76, wasio nayo 74. Ni kama sare. Halafu mashine peke yake, bila muganga, ikawapita hao wasio nayo na pointi 16. Sasa wewe unaniambia nini, si muganga njo anaharibu?

JOSUÉ: (anacheka) Hiyo watu wameipeleka huku na huku sana. Angalia kilichopimwa: zile kesi zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi tayari. Kuna mtu alishauliza mgonjwa, alishamushika tumbo, alishapima presha, alishatoa damu ya labo, na juu ya yote alishachagua kitu gani kinafaa kuandikwa. Kazi ngumu ya usiku mzima ilikuwa imekwisha, mashine ikakuta chakula iko mezani. Sisemi ni bure, kupangilia magonjwa inajua kweli, pengine kunipita, lakini stajieri anakuja lopitali kujifunza ile sehemu ambayo kwenye huo utafiti walimufanyia tayari.

NEEMA: Hapo sawa, lakini na waganga wale walikuwa nayo mkononi na haikuwasaidia.

JOSUÉ: Hakuna aliyewafundisha namna ya kuongea nayo, au waliona imesema kitu kingine wakashikilia ya kwao. Siye waganga unatujua.

NEEMA: Nawajua! Haya tuende Poland, juu ile njo ilinitia woga.

JOSUÉ: Eeh, ile ya kolonoskopi. Kwa wasioijua, ni kamera wanapitisha ndani ya utumbo mkubwa kutafuta vivimbe, wanaviita adenoma, vile ambavyo vikiachwa vinaweza kugeuka kansa. Vituo vinne, waganga 19, na hawa si watoto, kila mmoja alikuwa ameshafanya zaidi ya 2,000. Wakaleta mashine inayoweka kamraba kwenye skrini pale inapoona kivimbe. Halafu watafiti wakaenda kuangalia zile kolonoskopi ambazo hao hao walifanya bila mashine, kabla haijaletwa na nyuma ya kuizoea. Kabla walikuwa wanapata adenoma kwa asilimia 28.4 ya wagonjwa. Nyuma, 22.4.

NEEMA: Jicho limelala.

JOSUÉ: Limengoja kamraba. Ilitoka Agosti 2025. Sasa tuwe wakweli, hawakugawa wagonjwa kwa kura, waliangalia data za zamani, na pengine kuna sababu ingine, kazi iliongezeka na nini. Lakini kama watu wa kolonoskopi 2,000 wanaweza kushuka hivyo, huyu wangu wa miezi mitatu ya staji ambaye hata hana cha kupoteza bado…

NEEMA: Sasa ngoja, miye nakuja na Nairobi. Penda Health, kliniki 15, utafiti wa mwaka 2025, ziara za wagonjwa 39,849. Pale mashine haingojwi kuulizwa, inakaa nyuma ya fishi ya mgonjwa kwenye kompyuta, muganga anaandika yake, ikiona iko sawa inawaka kijani, ikiwa na shaka njano, ikiona hatari nyekundu, na nyekundu lazima uifungue usome kabla ya kuendelea. Makosa ya kutambua ugonjwa yakapungua asilimia 16, ya matibabu asilimia 13. Na kitu kilinishangaza, kadiri muda ulivyoenda, wale waganga wakaanza kupunguza makosa hata kabla ya taa kuwaka. Walijifunza, yaya! Hiyo ni kinyume cha Poland.

JOSUÉ: Utafiti huo OpenAI wenyewe, wale wanaotengeneza ChatGPT, walishiriki, tuseme hilo. Na wagonjwa walipoulizwa kama wamepata nafuu, tofauti haikuwa ya kutosha kusema mashine njo imeileta.

NEEMA: Sawa, lakini makosa yalipungua.

JOSUÉ: Yalipungua, sikatai. Na tena nakuambia njo utafiti ninaoupenda kuliko ile mingine, juu angalia mpangilio: Nairobi muganga anaandika kwanza, mashine inakosoa nyuma. Poland mashine inaonyesha wakati jicho lako bado linatafuta. Ni vitu viwili tofauti kabisa, moja ni mwalimu anasahihisha kaye, daftari lako, ingine ni mwenzako anakunong'oneza jibu katika mtihani. Kwa hiyo kwangu miye sheria ya stajieri ni moja: kalamu kwanza. Andika ulichouliza, ulichoona, ulichohesabu, magonjwa matatu unayofikiria na ni kwa nini, weka saini. Halafu fungua telefone ukitaka, bila jina la mgonjwa tafadhali, hilo naliona kila siku na linaniumiza.

NEEMA: Na infirmiye, muuguzi, yuko peke yake kule mbali Shabunda, hana muganga, na ye ngoja aandike magonjwa matatu?

JOSUÉ: Huyo si stajieri. Huyo musaidie na chochote kiko. Kama kwa kifua kikuu, tangu 2021 OMS imekubali programu ya kompyuta isome radio, ile picha ya kifua, ya watu wa miaka 15 na zaidi wakati wa kuchunguza, na kama hakuna mtaalamu wa radio karibu, nani atakataa?

NEEMA: Basi nani atatupimia hiyo sheria yako hapa? Kila utafiti tumetaja ni wa mahali pengine.

JOSUÉ: Usiseme hatuwezi! Novemba 2018, Ebola imewaka hapa kwetu Kongo, Beni, Butembo, Katwa, Mangina, risasi zinapigwa, na watu wakafanya majaribio ya dawa nne, wagonjwa 681, wamegawanywa kwa kura kabisa. Mbili zikashinda, na moja yao, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit 1995, kazi ya profesa Muyembe na wenzake. Kama hiyo iliwezekana, kugawa stajieri makundi mawili, moja liandike kwanza, lingine liulize mashine kwanza, halafu baada ya miezi sita wote wapimwe bila telefone mbele ya mgonjwa, hiyo ni nini?

NEEMA: Wapimwe nini?

JOSUÉ: Wahesabu pumzi, wapapase wengu, wasikilize moyo, waseme wameona nini.

NEEMA: Na mega za intaneti za lile kundi la mashine nani analipa?

JOSUÉ: Aa, hapo sasa umeniua. Tuandike kwenye bajeti, mustari wa kwanza.