Pundamilia wa Kiel na Makocha Wasiohama

Ndugu zangu wapenzi wa michezo, asanteni kwa kufika. Leo tuzungumzie Kiel, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, kwenye Bahari ya Baltiki. Soka wanaipenda huko kama kwingine, ila klabu yao ya soka, Holstein Kiel, ilipanda Ligi Kuu ya nchi hiyo, Bundesliga, mwaka 2024 kwa mara ya kwanza. Kufikia hapo THW Kiel, klabu ya mpira wa mikono, ilikwisha kutwaa ubingwa wa taifa wa ukumbini mara 23.

Ilianza mwaka 1904 ikiwa chama cha mazoezi ya viungo cha Hassee na Winterbek, vitongoji vya Kiel. Mpira wa mikono ulikuja baadaye, na zamani hizo ulichezwa nje, wachezaji 11 kila upande kwenye kiwanja cha ukubwa wa soka. Kiel walikuwa mabingwa wa mchezo huo 1948 na 1950. Nyota wao alikuwa Heinrich Dahlinger, ambaye watu walimwita Hein Daddel. Leo jina hilo analo pundamilia wa kuchekesha anayezunguka uwanjani kushangilia, kwa sababu timu huvaa mistari myeusi na myeupe.

Ukumbi wao mkubwa, Ostseehalle, ulifunguliwa mwaka 1951. Vyuma vyake vilitoka kwenye banda la ndege la kisiwa cha Sylt! Vita vilikuwa vimekwisha, vifaa ni haba, wakatumia kilichopo. Humo huingia watu wapatao 10,000.

Sasa sikilizeni hapa. Baada ya ubingwa wa 1963, Kiel walikaa hadi 1994 bila kuupata tena. Miaka 31! Mwaka 1992 timu ya wanaume ya kulipwa ilikabidhiwa kampuni, chama chenye wanachama kikabaki na shughuli zake nyingine. Wengi husema siri ya mafanikio yaliyofuata ni hiyo kampuni. Mimi sikubali. Kampuni inalipa mishahara, sawa, lakini klabu ngapi zina kampuni na hazina kombe? Kwangu mimi, siri ni watu waliokaa muda mrefu, hasa makocha.

Mwaka 1993 alikuja kocha Noka Serdarušić, akakaa miaka 15 na kuchukua ubingwa wa taifa mara 11. Magnus Wislander wa Uswidi alicheza hapo kuanzia 1990 hadi 2002. Alfreð Gíslason wa Iceland akafundisha kuanzia 2008 hadi 2019, na msimu wa 2011/12 timu yake ilishinda mechi zote 34 za ligi. Zote, bila hata sare. Kweli, wapo walioondoka mapema: Nikola Karabatic aliingia 2005 akaenda zake 2009. Lakini benchi halikutikisika.

Ligi ya Mabingwa ya Ulaya waliibeba 2007, wakiwafunga jirani zao Flensburg kwenye fainali ya mechi mbili: 28-28 ugenini, 29-27 nyumbani. Wakarudia 2010 na 2012, na Filip Jícha wa Ucheki alikuwemo uwanjani. Mwaka 2019 Jícha huyohuyo akakabidhiwa timu kama kocha. Desemba 2020, mjini Köln, majukwaa yakiwa matupu kwa sababu ya korona, vijana wake wakaifunga Barcelona 33-28 na kuleta kombe la nne.

Haya, aliye na swali anyooshe mkono.