Magari Yanayotoweka Yatangulie: Kampuni za Modeli Zitengeneze Nini Baada ya Hapa?

Mheshimiwa mwenyekiti, wapenzi wa modeli, na nyinyi wa kampuni za kutengeneza modeli mliokubali kuketi leo na kuwasikiliza wateja wenu,

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila anayeunganisha modeli za magari huwa na jibu lake kabla hajaulizwa: ni gari gani litengenezewe seti mpya? Kila mmoja wetu ana orodha yake, na mara nyingi orodha hiyo ina gari la baba yake, gari alilojifunzia udereva na gari ambalo hakuwahi kumudu kulinunua. Sitaanza na orodha yangu. Nitaanza na kigezo kimoja, kisha tuone kinatufikisha kwenye magari gani. Kigezo chenyewe ni hiki: yatangulie magari yanayotoweka barabarani, yale ya kawaida yaliyotumikishwa mpaka yakaisha, ndipo warudi kwenye magari ya kifahari ambayo hata miaka hamsini ijayo yatakuwapo, yamefunikwa vizuri katika gereji za matajiri.

Kwanza tuwatendee haki watengenezaji. Modeli ya plastiki hutoka ndani ya kalibu ya chuma, ambamo polistirini iliyoyeyushwa husukumwa kwa shinikizo kubwa. Plastiki yenyewe ni rahisi. Fedha zinaishia kwenye kuchonga kalibu. Na katika seti nzima hakuna kipande kinachosumbua kuliko bodi, kwa sababu ina sura ya kuonyesha pande zote: mbele, nyuma, ubavuni na juu. Kalibu yake haiwezi kuwa ya vipande viwili tu. Lazima iwe na pande zinazoteleza kwenda nje ili bodi ichomoke bila kukwaruzwa. Ukiishika bodi ambayo haijapakwa rangi na kuigeuza taratibu kwenye mwanga, utaona mstari mwembamba unaopita karibu na ukingo wa madigadi na kupanda kwenye nguzo za paa. Hapo ndipo vipande vya kalibu vilipokutana, na hapo ndipo msasa wako utakapoanzia kazi. Kampuni iliyolipia chuma cha aina hiyo ni lazima iuze seti nyingi kabla haijaona faida, na ndiyo maana meneja anayeogopa hasara huchagua Porsche 911 nyingine, Nissan Skyline GT-R nyingine au Ford Mustang nyingine. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba woga huo una gharama yake, na gharama hiyo haionekani kwenye hesabu za mwaka mmoja.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Kampuni ya Airfix ya Uingereza, ambayo wengi tunaifahamu kwa ndege zake, iliingia katika biashara hii mwaka 1949 kwa kutengeneza modeli ya trekta la Ferguson, iliyokusudiwa mawakala wa mauzo wa trekta hilo; baadaye ndipo ikauzwa ikiwa vipande vya kuunganisha. Huko Marekani, AMT iliyoanzishwa mwaka 1948 ilijenga jina kwa modeli ndogo za matangazo ambazo wauzaji wa magari waliwapa wateja wao, na Jo-Han nayo ilishika njia hiyohiyo. Kuanzia mwaka 1958 AMT iliuza seti za magari ya mwaka huo, zikiwa na vipande vya kumwezesha mnunuzi kuchagua mtindo mmoja kati ya mitatu. Skeli ya 1/25, yaani gari halisi likipunguzwa mara 25, ambayo bado inatawala kwa watengenezaji wa Marekani ni urithi wa modeli hizo za matangazo, wakati Wajapani kama Tamiya, Fujimi, Aoshima na Hasegawa wamesimama kwenye 1/24.

Sasa angalieni matokeo yake. Kwa kuwa muuzaji wa magari alitaka kutangaza gari alilokuwa nalo dukani, na siyo gari la ndoto, kampuni hizo zilijikuta zikihifadhi magari ya kawaida ya zama zao: sedani za familia, magari ya Rambler, magari madogo ya bei nafuu. Hakuna aliyekaa kikao kuamua kuhifadhi historia. Biashara ya matangazo ndiyo iliyoifanya kazi hiyo, na ilipofifia, magari ya kawaida yalipoteza mtetezi wake. Ndiyo sababu leo ni rahisi kuunganisha sedani ya Marekani ya mwaka 1962 kuliko sedani ya familia ya mwaka 1992, ingawa ya pili ndiyo inayokumbukwa na watu wengi walio hai.

Kuna jambo la kiufundi linaloifanya hoja hii isiwe ya kusubiri. Siku hizi kazi ya kuandaa modeli mara nyingi huanza kwa kulipima gari lenyewe kwa skana ya leza, kisha michoro ya kompyuta hujengwa juu ya vipimo hivyo. Skana inahitaji gari halisi, na gari hilo liwe na bampa zake, rimu zake, grili yake na viti vyake vya kiwandani. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu, lakini kila moja inajulikana ilipo na inatunzwa kuliko mboni ya jicho. Anayetaka kuipima mwaka 2070 atapata ya kupima. Kwa upande mwingine, Morris Marina ilitengenezwa kwa mamia ya maelfu kati ya 1971 na 1980, ikabeba wafanyakazi na watoto wa shule, ikaliwa na kutu, ikauzwa kama chuma chakavu. Gari ambalo kila mtu alikuwa nalo ndilo ambalo hakuna aliyefikiria kulitunza. Magari ya mizigo yana hali mbaya zaidi, kwa sababu mwenye gari la mizigo halibadilishi mpaka limekataa kabisa, na hata hilo lililosalia huwa limeshabadilishwa taa, milango na dashibodi mara kadhaa.

Najua kuna mtu hapa anayejiuliza kama vitu hivi vitauzika. Ni swali halali, na jibu lake limo kwenye rafu za maduka. Ebbro ya Japani ilithubutu kutengeneza katika 1/24 gari la mizigo la Citroën H, lenye bodi ya bati la mikunjo, pamoja na Renault 4, gari la watu wa kawaida lililozalishwa kwa zaidi ya milioni nane. Revell ya Ujerumani ina Trabant 601, gari lililochekwa kwa miongo kadhaa na ambalo sasa watu wanalipaka rangi kwa mikono inayotetemeka kwa heshima. Moebius ya Marekani ilianza safari yake ya magari kwa ujasiri, ikatoa Hudson Hornet ya 1952, kisha ikatoa pikapu za Ford F-100 za mwisho wa miaka ya 1960, ambazo kalibu zake zimezaa toleo baada ya toleo. ICM ya Ukraine ilichukua Ford Model T ikaitengenezea familia nzima, likiwemo gari la zimamoto. Kampuni haziendelezi familia ya modeli kwa hisani. Huiendeleza kwa sababu sanduku la kwanza liliuzika.

Hapo kwenye familia ndipo penye siri ya kulipa gharama ya kalibu. Gari la michezo lina toleo la barabarani na la mashindano, na baada ya hapo unabaki kubadilisha stika za udhamini. Gari la kazi lina matoleo mengi kwa asili yake. Chukueni Ford Transit ya kwanza, iliyotoka mwaka 1965, ambayo kwangu ndiyo inayostahili kuongoza foleni. Ilikuwa fupi, yenye inchi 106 kati ya ekseli, na ndefu, yenye inchi 118. Tofauti hiyo katika 1/24 ni nusu inchi tu, na mchonga kalibu hodari anaweza kuipangia tangu mwanzo kwa kutenganisha kipande cha nyuma cha chasi na kuta za ubavu. Fupi ilikuwa na tairi moja moja nyuma, ndefu ilikuwa na tairi mbilimbili. Kisha kuna pua. Injini ya petroli ya V4 ilikuwa fupi, kwa hiyo gari lilipewa pua butu. Injini ya dizeli ya Perkins haikuenea humo, ikabidi boneti irefushwe na sura ya gari ikabadilika kabisa. Fremu moja ndogo ya plastiki yenye pua ya pili, grili yake na boneti yake ingetosha kumpa mnunuzi gari tofauti. Ubavuni, madirisha yangechongwa upande wa ndani kama mifereji myembamba, ili anayetaka gari la mizigo aache bati likiwa zima, na anayetaka basi dogo, gari la wagonjwa au gari la polisi akate kwa kisu. Hesabuni wenyewe matoleo yanayopatikana katika chuma kimoja. Na pua ya dizeli, tafadhali, msiifiche kwa ajili ya toleo la miaka mitano baadaye.

Baada ya Transit ningeiweka Toyota Corolla, na hapa nitaeleweka vibaya nisipofafanua. Corolla ipo katika modeli, lakini inayorudiwa bila kuchoka ni AE86, ile inayoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma na kupendwa na vijana wa kuteleza kwenye kona. Corolla zimeuzwa zaidi ya milioni 50 tangu 1966, na wengi wa walionunua hawakuteleza kwenye kona yoyote. Walinunua sedani ya milango minne au steshenwagoni ili wafike kazini. Sedani hizo za miaka ya 1980 na 1990 ndizo ninazozitaka, zikiwa na rimu za chuma na vifuniko vya plastiki. Katika kundi hilohilo naweka minivan za Chrysler za 1984, magari ya familia yenye umbo la basi dogo, yaliyobadilisha namna familia za Marekani zinavyosafiri. VAZ-2101 ya Kisovyeti ya 1970, iliyotokana na Fiat 124. Na Hindustan Ambassador, ambayo ilitokana na Morris Oxford na kuendelea kutoka kiwandani mpaka 2014.

Magari ya umeme yanastahili neno moja. Nissan Leaf ya kwanza, ya mwaka 2010, inaelekea kwenye chuma chakavu kwa njia yake yenyewe: betri ikichoka, gari zima hukosa thamani. Ipimwe sasa. Tena haimdai mtengenezaji mitungi, mikanda na mabomba chini ya boneti, kwa hiyo itakuwa nafuu kuichonga.

Kuna ninaloliomba na kuna ninaloliacha. Siombi injini kamili katika kila seti. Kwenye pikapu au lori naitaka, kwa sababu boneti hufunguliwa na kazi huonekana. Kwenye sedani ya familia, chasi iliyochongwa vizuri na dashibodi yenye saa zinazosomeka zinanitosha, na fedha zilizookolewa ziende kwenye matoleo zaidi ya bodi. Mabasi makubwa nayaacha nje ya 1/24, ingawa Revell imethubutu kutoa Routemaster ya London katika skeli hiyo. Basi la mita 12 likipunguzwa hivyo huwa na sentimita 50, na wengi wetu tumeshajadiliana na wenzi wetu kuhusu rafu kuliko inavyofaa. Kwa mabasi, 1/43 inatosha.

Kwa wenzetu wa kampuni, ombi langu la leo si kwamba mchonge chuma kesho asubuhi. Kulipima gari kwa skana na kulipiga picha kila pembe, ndani na chini, hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya kalibu, na vipimo hivyo haviozi. Tumeni watu wakapime Transit zilizobaki nzima, Corolla za rimu za chuma na Leaf ambazo bado zinatembea, muweke mafaili, kisha mgombane na wahasibu wenu kwa muda wowote mnaotaka. Mheshimiwa mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.