Likizo ya Ziwa Bodensee: Gharama na Karatasi Mnazoniuliza

Ndugu zangu watazamaji, wazee wangu shikamooni, na vijana wenzangu hamjambo. Tangu nilipoweka picha za Lindau, mji wa Ujerumani ulio kwenye Ziwa Bodensee, swali linalonifikia ni lile lile: mapumziko ya ziwani huku Ulaya hupangwaje, na hugharimu kiasi gani? Wapo pia waliosema kwamba najionyesha, kwa kuwa mtoto wa Mwanza hana sababu ya kulipa fedha ili akaangalie maji.

Ni kweli kwamba Bodensee lina kilomita za mraba 536 tu, ilhali Ziwa Viktoria lina zaidi ya 68,000. Mimi sikufuata ukubwa. Ninahudumia wazee kwa zamu za usiku, mwili unadai haki yake, na ziwa hilo liko umbali wa saa chache kwa treni kutoka Stuttgart ninakoishi. Isitoshe, huko mtu huogelea bila hofu ya kichocho. Maji yake huvutwa kutoka kina cha mita 60 hivi karibu na Sipplingen, husafishwa, kisha husambazwa kwa watu wapatao milioni 4.

Kabla ya fedha, kuna suala la likizo yenyewe. Sheria ya Ujerumani humpa anayefanya kazi siku 5 kwa wiki angalau siku 20 za likizo kwa mwaka, lakini tarehe hupangwa mapema mno, na wenye watoto wa shule kwa kawaida hutangulizwa. Katika jimbo la Baden-Württemberg shule hufungwa mwishoni mwa Julai na hufunguliwa takriban katikati ya Septemba, na katika kipindi hicho vyumba vya kandokando ya ziwa hupanda bei na kujaa. Mimi binafsi huchagua nusu ya pili ya Septemba, wakati ambapo maji bado hayajapoa sana na mtu anapata benchi la kukaa bila kugombea.

Kuhusu malazi, naomba mnisikilize vizuri. Bei inayoonekana kwenye tangazo la nyumba ya likizo mara nyingi haijumuishi ada ya usafi wa mwisho, wala ushuru wa wageni ambao miji mingi ya huko hutoza kwa kila mtu kwa kila usiku. Mwenye nyumba mmoja alinidai fedha za mashuka nikiwa nimeshafika mlangoni na mizigo yangu, ingawa tangazo lake halikuwa limetaja jambo hilo hata kwa neno moja. Nililipa, kwa sababu usiku ulikuwa umeingia, lakini uchungu wake ninao mpaka leo. Tangu hapo huomba jumla yote kwa maandishi kabla ya kutoa hata senti. Ushuru wa wageni walau una faida yake: ukiulipa hupewa kadi ya mgeni, na mjini Konstanz kadi hiyo hukupandisha mabasi ya mji bila nauli. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ambayo tangu Januari 2026 ni euro 63, hukufikisha ziwani kwa treni za mikoa, ila meli za matembezi zina nauli yake.

Sasa nifike kwenye karatasi. Ziwa hilo limepakana na Ujerumani, Uswisi na Austria, na katika sehemu yake kubwa nchi hizo hazijawahi kukubaliana mpaka uko wapi majini. Ukishashuka melini, hata hivyo, uko katika nchi fulani, na unaweza kuulizwa pasipoti pamoja na kibali cha ukaazi. Mwaka mmoja kibali changu kilikuwa kinasubiri kuhuishwa, nami nilikuwa na karatasi ya muda ambayo sikuthubutu kuvuka nayo. Kati ya Konstanz ya Ujerumani na Kreuzlingen ya Uswisi, mahali palipokuwa na uzio wa mpaka, tangu 2007 zimesimama sanamu 22 za chuma. Watoto walikuwa wakizizunguka kwa baiskeli, wakiingia Uswisi na kurudi Ujerumani, nami nimesimama upande wangu na bahasha ya karatasi mkononi. Ninalipa kodi kila mwezi kama wenzangu, na siku ile jambo hilo liliniuma sana.

Liliniuma zaidi nilipotaka kumleta mama yangu. Viza ya Schengen, yaani ya kuzuru Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya kwa muda mfupi, ni euro 90 tangu Juni 2024, hati ya dhamana ya mwenyeji ni euro 29, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Tulikamilisha yote, kisha akakataliwa kwa maelezo kwamba haikuthibitika kuwa angerudi nyumbani. Mama mwenye shamba, wajukuu na kikoba anachokiongoza yeye mwenyewe. Ada ya viza hairudishwi.

Kwa hiyo anayetaka kualika mzazi wake, kwa maoni yangu tu, achukue malazi yanayoweza kufutwa bila malipo, na fedha za nyumba asizitoe mpaka viza iwe imebandikwa kwenye pasipoti. Kila kibali kina masharti yake. Yaliyonihusu mimi huenda yasikuhusu wewe, basi soma karatasi yako mwenyewe kabla ya kununua tiketi ya meli ya kwenda Bregenz ya Austria au Romanshorn ya Uswisi.