Hombolo maji yakishuka, mita 60 zinaanzia wapi?

Mbukwenyi! Naam, salamu ya Kigogo hata waliotoka Moshi wameiitikia.

Nimeombwa niongee kuhusu mipango ya maeneo ya kando ya maji na namna serikali inavyochelewa kuikamilisha. Hapo mlangoni mtu kaniuliza, "Mwalimu, Dodoma kuna ufukwe gani?" Upo. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, Uhuru bado. Ukishuka kuelekea Iringa unakutana na bwawa la Mtera. Na sisi wa huku, wenye msimu mmoja wa mvua, maji ya kukaa ukayatazama ni utajiri. Makao makuu yamehamia, kila mwenye gari anatafuta pa kula perege Jumapili, na dalali wa viwanja amelijua hilo zamani. Ofisi ya mipango miji ndiyo ya mwisho kujua.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Sawa. Lakini bwawa linatembea! Aprili limejaa, Novemba limerudi nyuma, na pale lilipoondoka mtu ameshaotesha nyanya. Hizo mita 60 tunahesabu kuanzia wapi? Mimi nasema kuanzia pale maji yanapofika bwawa likijaa. Wengine watabisha, na wabishe, mradi jibu lionekane ardhini kwa bikoni, zile nguzo fupi za zege za kuonyesha mpaka, badala ya kulala kwenye jalada. Kusimika bikoni hakuhitaji mwekezaji wala upembuzi yakinifu. Kunahitaji mpimaji, mtu wa ofisi ya bonde la maji, wenyeviti wa mitaa, na siku chache za jua kali.

Ofisi ikisema "mchakato unaendelea" hudhani na wananchi wamesimama kusubiri. Shangazi yangu, mkoa mwingine, siyo hapa, alipigiwa X nyekundu ukutani, alama ya nyumba ya kubomolewa, akaambiwa asiendeleze chochote. Bati likavuja masika tatu. Fundi akagoma kupanda, kwamba nyumba ya X haina malipo. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inasema uthamini wa fidia una uhai wa miaka miwili, na fidia ikipita miezi sita bila kulipwa inazaa riba. Ni sheria nzuri. Ila mthamini wa pili alipokuja alikuta nyumba imechakaa, akaandika alichokiona. Yaani waliochelewa ndio waliopunguziwa bei! Hapo riba inafidia nini?

Dar es Salaam mnaijua habari ya Bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011, watu wakapelekwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015, bomoabomoa. Mkopo wa Benki ya Dunia wa kuliendeleza bonde lile ukaidhinishwa 2022. Tingatinga liliwahi kufika, mpango ukaja nyuma yake.

Msinielewe vibaya, sisemi tukimbie tu. Mji huu ulikuwa na ramani yake tangu 1976 na mamlaka yake ya kuustawisha, CDA, iliyoanza 1973 hadi ilipovunjwa 2017. Chang'ombe yetu ya hapa Dodoma ikajaa nyumba holela vilevile. Ramani tulikuwa nayo. Viwanja vilivyopimwa havikufika kwa wakati, na mtu mwenye watoto hawezi kulala kwenye ramani.

Kwa hiyo ninyi wanafunzi wa mwaka wa pili, kazi yenu hii hapa. Nendeni Hombolo Bwawani mwezi wa nne, msimame mahali pamoja, mpige picha. Rudini Novemba, msimame palepale, mpige nyingine. Mziweke pamoja mezani kwa afisa ardhi, mumwombe achore mstari mbele yenu. Mimi nitachangia nauli ya daladala, ya kwenda tu.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma.