Kijiji cha Kaixiangong na yule aliye mbali

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi wanafunzi mliokosa viti mkaamua kusimama: shikamooni kwa wanaostahili, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya ushirikiano wa vyuo vya nchi mbalimbali katika kuichunguza jamii ya China. Mazungumzo ya namna hii kwa kawaida huanzia kwenye hati za makubaliano: nani katia saini na nani, na fedha imetoka wapi. Naomba mniruhusu mimi nianzie mtegoni.

Desemba 1935, katika milima ya Yao mkoani Guangxi, kusini mwa China, vijana wawili waliooana miezi michache tu nyuma walipotea njia wakiwa kazini. Mume, Fei Xiaotong, mtafiti wa jamii, alikuwa na miaka 25. Alitumbukia kwenye mtego uliotegewa chui milia, akaumia vibaya. Mkewe, Wang Tonghui, aliondoka mbio kutafuta watu wa kumwokoa. Hakurudi. Mwili wake ulipatikana mtoni siku kadhaa baadaye. Nawaeleza haya kwa sababu tunapolitamka neno "utafiti" ukumbini huwa tunasahau kwamba kuna watu wamelilipia kwa maisha.

Majira ya joto ya 1936, Fei akiwa bado anauguza majeraha, alikwenda kupumzika alikokuwa akifanya kazi dada yake, Fei Dasheng. Dada huyu alikuwa mtaalamu wa hariri aliyesomea Japani, na mwaka 1929 aliwasaidia wanakijiji wa Kaixiangong, karibu na ziwa Tai mkoani Jiangsu, kuanzisha kiwanda cha ushirika cha kutengeneza nyuzi za hariri. Kijiji kilikuwa na watu wasiofika 1,500. Mgonjwa alikwenda kupona, lakini mtu aliyezoea kuuliza hatulii. Ndani ya miezi miwili hivi alikuwa ameshaandika nani analima kipande gani, mkopo unatoka kwa nani na kwa riba gani, ndoa inagharimu nini, na bei ya hariri iliposhuka duniani kaya ya mkulima ilipungukiwa na nini.

Akapanda meli kwenda Ulaya, akiyapanga maandishi yake njiani. Pale London School of Economics, chuo cha London, alipokelewa kwanza na mwanaanthropolojia Raymond Firth, kisha Bronislaw Malinowski, bingwa wa fani hiyo, akamchukua mwenyewe. Hapa nawaomba wanahistoria mniazime masikio. Katika miaka hiyohiyo, chini ya mwalimu huyohuyo, alikuwapo mwanafunzi kutoka Kenya: Jomo Kenyatta. Kitabu cha Kenyatta kuhusu Wagikuyu kilitoka 1938. Cha Fei kuhusu wakulima wa China kilitoka 1939. Dibaji za vyote viwili ziliandikwa na Malinowski. Hadi siku zile, Mgikuyu na mkulima wa Jiangsu walikuwa watu wa kuandikwa na wengine. Sasa mwana wa huku na mwana wa kule walikuwa wameketi meza moja wakiwaandika watu wao wenyewe. Historia hii ni yetu sisi pia, na inanisikitisha kwamba hatuifundishi.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye neno moja, maana ushirikiano wote ninaouzungumzia umo ndani ya maneno kama hili. Kichina wanasema *jia*. Kamusi itakwambia ni familia, au nyumba, au kaya. Fei hakulitafsiri akapita. Alikaa nalo akalieleza. Kwa watu wa Kaixiangong, alisema, jia ni wale wenye mali moja na mfuko mmoja, wanaogawana kazi ili waishi pamoja. Kijana aliyeondoka kwenda kufanya kazi mjini bado ni wa jia, maadamu mfuko ni mmoja. Haijalishi usiku huu amelala wapi.

Sisi huku karani wa sensa anauliza nani alilala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Na watafiti wetu wanasema kaya ni wanaokula chungu kimoja. Miaka ya nyuma, nikiwa mdadisi, nilikabidhiwa dodoso lililoandikwa mbali sana na pwani, likatafsiriwa haraka haraka, nami nikaingia nalo uani kwa mama mmoja. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Nikamuuliza, "Wanakaya ni wangapi?" Akaanza kuhesabu kwa vidole, akafika wa sita akasita, kidole kiko hewani. "Mwanangu, na huyu aliyeko Maskati anayetuma hela kila mwezi, nimhesabu au nimwache?" Nikatazama karatasi yangu. Hakuwa na pa kuandikwa. Nikamwacha. Kwenye takwimu zetu nyumba ile ikaonekana inakula bila mtu wa kuilisha.

Kwa hiyo niliposoma habari za jia nilijua mara moja ninachosoma.

Fikirieni China ya leo: mamilioni kwa mamilioni ya watu wameandikishwa kijijini kwa mfumo wa *hukou*, lakini wanaishi na kufanya kazi Shenzhen, Shanghai, Guangzhou. Mtoto kabaki na bibi. Ukichukua dodoso la Marekani ukalitafsiri lilivyo, huyo bibi na mjukuu watakuwa "kaya" maskini isiyoeleweka. Chuo Kikuu cha Peking kilipoanzisha mwaka 2010 utafiti wake wa kufuatilia familia nchi nzima, Chuo Kikuu cha Michigan kilisaidia upande wa ufundi: mifumo ya kompyuta ya kuhojia, na namna ya kusimamia wadadisi walio mbali. Lakini nani ahesabiwe kuwa mwanafamilia liliamuliwa kwa kufuata maisha yalivyo China, kwa uhusiano wa kiuchumi, na aliyeondoka akaingizwa. Ndiyo ushirikiano ninaouheshimu. Fundi wa mbali analeta vyombo, lakini swali linatungwa na anayejua nani analisha nani.

Mfano mwingine ni utafiti wa afya na maisha ya watu wa miaka 45 na zaidi, nao umeendeshwa na Chuo Kikuu cha Peking. Uliigwa kutoka utafiti wa wazee wa Marekani, na mwaka 2011 ulihoji watu 17,708 katika wilaya 150. Data zake zinatolewa bure kwa mtafiti anayejiandikisha, popote alipo. Mwanafunzi aliyeko Dodoma au Eldoret, mwenye intaneti na subira, anaweza kuzifanyia kazi. Nawauliza, wapo wangapi kati yenu waliojaribu?

Haikuwa hivi sikuzote. Mwaka 1952 sosholojia ilifutwa vyuoni China. Mwaka 1957 Fei alirudi Kaixiangong, akaona wakulima wanabanwa wasifanye shughuli za ziada zilizokuwa zikiwaingizia fedha, akasema. Mwaka uleule akabandikwa jina la mpinga ujamaa, na kwa zaidi ya miaka 20 hakuweza kufanya kazi yake. Wageni nao walifungiwa nje. Wengi waliweka kambi Hong Kong, ambako mwaka 1963 kilifunguliwa kituo cha kuwahudumia watafiti wa vyuo vya nje, wakawahoji watu waliovuka kutoka bara. Walifanya kazi nzuri ajabu katika hali ile. Hata hivyo, mtu aliyetoka kijijini ana macho ya aliyetoka, na hakuna mbinu ya sampuli inayoweza kumgeuza kuwa aliyebaki.

Mwaka 1979 somo likarudishwa. Kiongozi wa China, Deng Xiaoping, alikiri hadharani kwamba limepuuzwa na lazima nchi ifidie masomo iliyoyakosa. Fei, akiwa anakaribia 70, akapewa kulijenga upya, naye akaita msaada kwa walimu wa Hong Kong na Marekani. Peter Blau na Nan Lin walifundisha Chuo Kikuu cha Nankai mwaka 1981.

Je, leo tuko wapi? Mlango umerudi nusu. Programu ya Fulbright, ya Marekani ya kubadilishana wasomi na nchi nyingine, ambayo China ilikuwa nchi ya kwanza kutia saini mkataba wake mwaka 1947, Marekani iliisitisha kwa China Julai 2020. Mipaka ya China ilifungwa kwa UVIKO hadi Januari 2023. Katikati ya hapo, mwaka 2021, zilianza kutumika sheria mbili, ya usalama wa data na ya kulinda taarifa binafsi, ambazo zinafanya kuhamisha data ghafi nje ya nchi kuwe jambo la vibali na tahadhari. Sisemi kulinda taarifa za watu ni kosa; sisi wenyewe tumeumizwa na data zilizobebwa zikaenda. Ninachohofia ni kwamba kijana wa nje atajifunza China kwa picha za setilaiti na magazeti, na kijana wa ndani atakosa mwenzake wa kumuuliza, "Kwa nini kwenu hili mnaliona la kawaida?"

Maana swali hilo lina kazi. Mwaka 1982 Edmund Leach, aliyesoma pamoja na Fei kwa Malinowski, alihoji kama mtu anaweza kweli kuwachunguza watu wake mwenyewe, na kama kijiji kimoja kinaweza kuisemea China. Fei alimjibu baadaye kwamba kijiji kimoja hakiisemei, ndiyo maana alikwenda vijiji vya Yunnan vilivyo tofauti, akalinganisha. Mimi niko upande wa Fei. Lakini bila Leach kuuliza, jibu lile tusingekuwa nalo limeandikwa.

Nimalizie na jambo linalonikosesha raha. Kitabu cha Kaixiangong kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1939. Tafsiri yake ya Kichina ilichapishwa 1986. Miaka 47. Fei mwenyewe, alipokwenda Denver mwaka 1980 kupokea tuzo yenye jina la Malinowski, alizungumzia swali hilihili: kazi hizi zina faida gani kwa waliochunguzwa? Alikirudia kijiji kile zaidi ya mara 20 kabla ya kufa mwaka 2005. Mtoto wa miaka 10 aliyemwona yule mgonjwa akipita na daftari lake, kama alijaliwa uhai, alikuwa na miaka 60 siku alipoweza kusoma kwa lugha yake kile kilichoandikwa juu ya baba yake na madeni yake.

Yule mama wa pwani mimi sijampelekea kitu mpaka leo.

Asanteni. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.