Kura 11 Zilizomtoa Lou Whitaker

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Naona kofia za Detroit, naona za New York, na moja ya Atlanta pale nyuma, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza besi ni nini wala Cooperstown, mji wa Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli, iko wapi. Baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema hili la wachezaji wanaofutwa mapema mno kwenye kura za Ukumbi huo. Leo mtalisikia tena, maana halijarekebishwa.

Kila Januari, matokeo ya Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli yakitoka, watu husoma jedwali kuanzia juu. Nani kavuka asilimia 75, nani kakosa kwa kura tano. Kisha mabishano yanaanza: fulani anastahili, fulani hastahili. Mimi nawaomba mlisome jedwali kuanzia chini, kwa sababu kule chini kuna watu ambao hamtawabishania tena mwakani. Wametolewa kwenye karatasi ya kura.

Mnaijua sheria. Wapiga kura ni waandishi wa habari za besiboli, na kila mwandishi anaweka alama kwa majina yasiyozidi 10. Ukipata asilimia 75 umeingia. Ukibaki kati unarudi mwakani, hadi mwaka wa 10. Kabla ya 2014 ilikuwa hadi wa 15. Ukishuka chini ya asilimia 5, hata kama ni mwaka wako wa kwanza, waandishi hawakuoni tena.

Sasa njooni 2001. Zilirudishwa karatasi 515. Asilimia 5 ya 515 ni 25.75, na kwa kuwa kura haikatwi vipande, mchezaji alihitaji kura 26. Lou Whitaker alipata 15. Zilipungua 11. Waandishi 11 tu kati ya 515 wangeweka alama moja zaidi, tungekuwa tumeshazungumzia mambo mengine miaka 20 iliyopita.

Alikuwa nani huyu? Mlinzi wa besi ya pili wa Detroit kuanzia 1977 hadi 1995. Mchezaji chipukizi bora wa ligi yake 1978, bingwa wa dunia 1984, Gold Glove tatu, yaani tuzo ya ulinzi bora. Mapigo 2,369, homurani 244, yaani mipira aliyoipiga nje ya uwanja. Na shikeni namba hii: besi za bure 1,197, dhidi ya mara 1,099 alizotolewa kwa kukosa mipira. Yaani alimlazimisha mrushaji amwachie besi mara nyingi kuliko mrushaji alivyoweza kumrudisha benchi kichwa chini. Kwa kipimo cha WAR cha Baseball-Reference, ushindi alioiongezea timu yake kuliko ambavyo mchezaji wa kuokoteza angefanya, Whitaker ana karibu 75. Ryne Sandberg, wa nafasi ileile na zama zilezile, ana karibu 68. Sandberg aliingia 2005, na aliingia kwa haki. Sina ugomvi na Sandberg.

Ugomvi wangu ni huu hapa. Upande wa pili wa besi ya pili alisimama Alan Trammell. Wawili hawa walianza ligi kuu siku moja, tarehe 9 Septemba 1977, wakacheza pamoja michezo 1,918. Mpira wa chini unakwenda kwa Trammell. Anauokota, hapotezi muda kutafuta mtu, anautupa pale anapojua Whitaker atakuwepo. Whitaker anafika pamoja na mpira, mguu unagusa besi, mkimbiaji anamjia miguuni kwa kuteleza, na mpira umeshatoka mkononi kwenda besi ya kwanza. Wawili nje. Walifanya hivyo miaka 19. Trammell ana mapigo 2,365. Whitaker 2,369. Tofauti ni mapigo manne! Trammell alikaa kwenye karatasi miaka yote 15, hakufika hata asilimia 41, lakini kukaa kule kulimweka midomoni mwa watu, na Desemba 2017 kamati ya Ukumbi, ile inayowatazama upya walioachwa na waandishi, ikamchagua. Mwenzake alitolewa siku ya kwanza.

Kuna atakayesema: Whitaker hakuwahi kuwa mchezaji bora wa mwaka wa ligi. Kweli. Nafasi yake ya juu katika kura hizo ilikuwa ya 8, mwaka 1983. Hakuwa na msimu mmoja wa kutikisa nchi. Alikuwa na misimu mingi mizuri, mfululizo, bila kelele, na hakupenda sana kuongea na waandishi. Wastani wake wa kupiga ni 0.276, na mwaka 2001 mwandishi wa kawaida alitazama wastani huo, homurani, basi. Uwezo wake wa kufika besi, 0.363, haukupewa uzito. WAR haikuwa mezani kabisa. Baadaye vipimo hivyo vikaja kujadiliwa kila mahali, ila jina lilikuwa limeshafutwa. Anayejua kupika anajua kwamba nazi haimwagwi baada ya tui la kwanza. Unatia maji, unakamua tena. Sheria ya asilimia 5 inamwaga chicha ikiwa bado nzito.

Tena kwenye karatasi hiyohiyo ya 2001 alianza Don Mattingly wa New York Yankees. Kura 145, asilimia 28. WAR yake ni karibu 42. Alibaki miaka 15 kamili. Msinizomee, ninyi wa New York, sijasema hakuwa mchezaji mzuri.

Mnadhani hayo ni ya zamani? Tazameni 2018, karatasi 422, mstari wa kuokoka kura 22. Andruw Jones, mlinzi wa uwanja wa kati wa Atlanta, Gold Glove 10 mfululizo, homurani 434, alipata kura 31. Waandishi 10 wangebadili mawazo, angekwisha siku ile. Hawakubadili; akabaki, watu wakapata muda wa kuangalia upya ulinzi wake, na mwaka 2026, jaribio lake la tisa, akachaguliwa. Karatasi ileile alikuwemo mrushaji Johan Santana: Cy Young mbili, yaani tuzo ya mrushaji bora wa msimu, 2004 na 2006, zote kwa kura za wapiga kura wote. Bega lilimaliza kazi yake mapema, akiwa na ushindi 139. Mrushaji mwenzake wa zamani, Sandy Koufax, ana 165 na Cy Young tatu, na hakuna anayemhoji. Je, Santana anatosha? Mimi nasitasita. Lakini ndiyo maana nilitaka miaka 10 ya kubishana! Alipata kura 10, mjadala ukafungwa.

Na msiseme kura ya mwaka wa kwanza inaonyesha ukweli. Scott Rolen alianza na asilimia 10.2, akaingia mwaka wa sita. Larry Walker alianza na 20.3, akashuka hadi 10.2 mwaka 2014, akaingia mwaka wa mwisho kabisa, 2020, kwa 76.6. Hakuna kati yao aliyeongeza hata pigo moja baada ya kustaafu. Kilichobadilika ni macho ya wapiga kura. Mwaka 2013 Kenny Lofton aliingia kwenye karatasi pamoja na Bonds, Clemens, Sosa, Piazza, Biggio na Schilling, wote wapya kwa mpigo. Mistari ni 10. Lofton alipata kura 18 akihitaji 29, na mwaka huo waandishi hawakumchagua mtu yeyote. Hakuna aliyeingia, lakini wa kutolewa walipatikana.

Nasikia mnong'ono: "Si kuna kamati?" Ipo. Ina wajumbe 16, majina 8, kila mjumbe anapiga kura tatu tu, na mtu anahitaji 12. Pigeni hesabu: kura zote ni 48, kwa hiyo hata wakipatana kama ndugu hawawezi kupita zaidi ya wanne. Wakitawanyika hapiti mtu. Tena wachezaji wa zama za karibuni hujadiliwa mara moja kila miaka mitatu. Whitaker alijadiliwa Desemba 2019, akapata 6. Orodha ya 2022 hakuwemo. Ya 2025 hakuwemo. Zamu inayofuata ni Desemba 2028, naye atakuwa na miaka 71. Dick Allen alikosa kwa kura moja mara mbili. Kikao cha mara ya pili kilikuwa kifanyike Desemba 2020, kikaahirishwa kwa sababu ya korona, naye akafariki mwezi huohuo. Walimchagua 2024. Na kamati ya namna hiyohiyo, Desemba 2018, ilimpitisha Harold Baines, ambaye kwa waandishi hakuwahi kuvuka asilimia 6.1, mezani wakiwemo mwenye timu yake wa zamani na kocha wake wa zamani. Baines ni mtu muungwana, hakujichagua. Ila msiniambie kamati ndiyo chujio safi.

Dawa? Mbili, haraka. Kwanza, asilimia 5 isitumike mwaka wa kwanza wala wa pili; ianze wa tatu. Haimgharimu mtu kitu zaidi ya wino. Pili, mistari 10 iongezwe. Waandishi wenyewe waliomba iwe 12, Ukumbi ukakataa. Waliomba pia kura zote ziwekwe hadharani, ukakataa hilo nalo.

Bonds na Clemens, najua. Walipita miaka yote 10, wakafika asilimia 66 na 65, wakakosa kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu. Walijadiliwa mpaka watu wakachoka. Hata ukiona wameonewa, hawakunyimwa kusikilizwa, na mimi leo nawatetea ambao hawakusikilizwa. Pete Rose, aliyefungiwa kwa kucheza kamari, aliondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa Mei 2025, akiwa ameshafariki. Kamati inaweza kumgusa Desemba 2027, mtabishana wakati huo.

Ligi za Weusi, za enzi ambazo wachezaji Weusi walizuiwa ligi kuu, nilizitengea robo saa na mwenyekiti ananionyesha saa yake. Zinahitaji siku nzima, si dakika mbili za kuibia.

Haya, maswali. Yule mwenye kofia ya Yankees amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Mattingly.